Singapore hadi New York: kwenda masaa 6, kurudi masaa 31? Nisaidieni hesabu

Mama_na_Mimi aliandika:

Wakuu, habari za saa hizi.

Naomba msaada wa hesabu, maana mimi na kalkuleta ya simu tumeshindwana tangu jana jioni. Mwezi wa saba nasafiri na mama yangu, ana miaka 71, kutoka Singapore (uwanja wa Changi) kwenda New York (JFK), moja kwa moja bila kutua popote. Mama alikwenda kukaa na kaka, sasa dada naye anadai zamu yake. Kurudi ni katikati ya mwezi wa kumi na moja.

Tiketi ya kwenda inasema kuondoka 23:35, kufika 06:15 kesho yake. Ya kurudi inasema kuondoka 22:20, kufika 06:10, halafu pembeni kuna kialama cha +2, yaani siku mbili mbele. Nikachukua karatasi nikatoa. Kwenda nikapata masaa 6 na dakika 40. Kurudi masaa 31 na dakika 50! Si kwamba sijui kuna tofauti ya majira, najua. Ila kila nikijaribu kuiingiza kwenye hesabu nachanganyikiwa niongeze au nipunguze, na ukichanganya na sisi tunaosema saa tano usiku wakati karatasi imeandika 23, kichwa kinauma.

Nikaona bora nianzie kwenye umbali. Tovuti moja inasema kilomita 15,349. Nyingine maili 9,537. Ya tatu maili 8,288. Zote zinasema Changi hadi JFK! Nikachukua hiyo ya kilomita nikagawa kwa 900, maana kila mahali wanasema ndege kubwa hukimbia kilomita 900 kwa saa. Jibu masaa 17. Yule aliyenikatia tiketi nilipompigia akasema "kama kumi na tisa hivi". Kumi na saba, kumi na tisa, sita, thelathini na moja. Nichague ipi?

Kaka naye kaweka rula kwenye ramani ya ukutani, anasema lazima tupite Ulaya. Mimi nasema tunapita Pasifiki. Mama anasema popote pale, mradi chini kuwe na nchi kavu.

Siulizi kwa udadisi tu. Mama anameza kidonge kila baada ya masaa 12, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na miguu yake huvimba akikaa muda mrefu. Nataka kujua mambo mawili: atakaa kwenye kile kiti masaa mangapi ya kweli, na kidonge ameze saa ngapi, ya wapi.

---

Kijiko aliandika:

Masaa sita Singapore hadi New York, dada hiyo si ndege, hiyo ni risasi 😂

Ila shukuru yenu inafika kesho. Kuna wanaofika jana. Ukitoka Samoa kwenda Samoa ya Marekani, safari haifiki hata saa moja, unatua siku iliyotangulia ile uliyoondoka. Ni jirani, lakini mstari wa tarehe unapita katikati yao. Samoa wenyewe walihama upande mwaka 2011: walilala tarehe 29 Desemba wakaamka tarehe 31. Mwenye siku ya kuzaliwa tarehe 30 Desemba, mwaka huo hakuipata.

Wataalamu wanakuja, mimi nilikuwa napita.

---

Mwl_Ramani aliandika:

Mama_na_Mimi, anza kwa kumnyang'anya kaka yako rula. Ile ramani ya ukutani ni dunia iliyochunwa ngozi ikanyooshwa ukutani kwa nguvu. Pale katikati, karibu na ikweta, haikuumia sana. Kule juu imevutwa mpaka Greenland inaonekana sawa na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland karibu mara kumi na nne. Ukipiga rula juu ya kitu kilichovutwa hivyo, utapata mstari ulionyooka kwenye karatasi na uliopinda kwenye dunia.

Tafuta mpira wa mtoto, uzi na kalamu ya wino. Weka nukta juu kabisa, hiyo ndiyo ncha ya kaskazini. Weka Singapore kiunoni mwa mpira, iko kaskazini kidogo tu ya ikweta. Sasa New York. Changi iko kwenye longitudo ya 104 mashariki, JFK iko ya 74 magharibi. Jumlisha: 178. Nusu ya duara ni nyuzi 180 (nyuzi za hesabu, yaani digrii, si uzi wa kushonea). Maana yake New York iko nyuma kabisa ya mpira ukiutazama kutokea Singapore, zimebaki nyuzi mbili tu. Vuta uzi kutoka nukta moja hadi nyingine, ukaze. Utaona wenyewe unapanda juu na kupita karibu na ile nukta ya ncha. Hauendi Ulaya wala Pasifiki. Kwa hiyo wewe na kaka mmekosa wote, ila usimwambie kwanza.

Na kwa kuwa uzi unapita karibu kabisa na ncha, unaweza kupata umbali bila tovuti yoyote. Changi iko latitudo 1.4 kaskazini, kwa hiyo kufika kwenye ncha (latitudo 90) ni nyuzi 88.6. JFK iko latitudo 40.6, kutoka ncha kushuka hadi hapo ni nyuzi 49.4. Jumla nyuzi 138. Kila digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Zidisha: 15,318.

Tovuti yako ilisema 15,349. Tumepishana kilomita 31 katika safari ya kuzunguka zaidi ya theluthi ya dunia, kwa kalamu na mpira. Zinatokana na sisi kukata desimali, na pia dunia si mpira kamili, imetuna kidogo kiunoni.

Zile maili: hakuna tovuti iliyodanganya. Maili 9,537 ni za nchi kavu, kila moja kilomita 1.609. Maili 8,288 ni za baharini, kilomita 1.852, na ndizo wanazotumia marubani na manahodha. Maili ya bahari ilitoka humo humo kwenye latitudo: ukigawa digrii moja mara 60, kipande kimoja ndiyo maili. Jaribu, 138 mara 60 ni 8,280. Mimi huwa nawafundisha vijana hii kabla ya kitu kingine chochote, maana ukishaishika huna haja ya kukariri.

Lakini umbali huo ni wa uzi. Ndege si uzi. Hapo namwachia mwenye kazi yake, nimemwona humu.

---

Mpanga_Njia aliandika:

Umeniita mwalimu, nimekuja.

Nimekaa miaka 19 kwenye chumba cha kupanga njia za ndege. Ni kazi ambayo abiria hajui kama ipo. Anadhani rubani anapanda, anawasha, anaelekea. Kabla rubani hajaamka kuna mtu kwenye chumba kisicho na dirisha ameshaamua ndege ipite wapi, urefu gani, na mafuta kiasi gani.

Dada, kosa lako ni hiyo 900. Siyo kwamba si kweli, ni kweli. Ila ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Mtu anapiga kasia mtoni: mikono yake inafanya kazi ile ile akipanda au akishuka na maji, lakini walioko ukingoni wanamwona mmoja anajiburura na mwingine anateleza. Kule juu, kilomita 10 hadi 12, kuna mito ya upepo inayokwenda mashariki. Tunaiita jetistrimu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020 Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida ni kama sita hadi saba. Ilisukumwa na dhoruba, mwendo wake juu ya ardhi ukapita kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja mwendo wa sauti, maana ndani ya hewa yake ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kila siku.

Kwa hiyo sisi hatuulizi wapi ni karibu. Tunauliza wapi nitabebwa. Kwenye ramani zetu upepo huchorwa kama mshale wenye manyoya: kijistari kifupi noti tano (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), kirefu noti kumi, na kibendera cha pembetatu noti hamsini. Usiku mmoja wa Januari nilipokea ramani, juu ya Japani pale kulikuwa na mshale una vibendera vitatu. Noti 150, karibu kilomita 280 kwa saa, na ni upepo wa nyuma. Njia niliyokuwa nimeshaichora ilipita kaskazini ya hapo. Niliifuta nikaishusha ikae ndani ya mto ule. Umbali uliongezeka, nilimwona mwenzangu ananitazama kama nimelewa. Muda ukapungua dakika 26. Kwenye safari ya namna hiyo dakika 26 ni tani kadhaa za mafuta.

Ndiyo maana safari yenu ya kwenda, mara nyingi, haifuati uzi wa mwalimu. Inainamia Pasifiki: inapita upande wa Japani, inapanda kuelekea Alaska, inakata Kanada kushuka New York. (Kaka asome hapa.) Kurudi, siku nyingine tunawapeleka mashariki tena, juu ya Atlantiki, Ulaya, kisha kushuka Asia, ili upepo uendelee kuwa nyuma. (Na wewe soma hapa.) Abiria wa siku hizo huwa ameizunguka dunia nzima kwenda na kurudi, na hakuna aliyemwambia. Siku nyingine upepo unakataa, tunapita njia nyingine. Uamuzi hufanyika masaa machache kabla ya kuruka, kwa hiyo usiniulize leo mtapita wapi mwezi wa saba. Naweza kukuambia tu kwamba Julai mito hiyo huwa dhaifu kuliko Januari na husogea kaskazini.

Pia si kila anga inapitika. Ndege za Finnair kutoka Helsinki kwenda Tokyo zilikuwa zinachukua kama masaa tisa na nusu. Tangu 2022, kwa kuwa hazipiti tena juu ya Urusi, zinachukua kama 13. Viwanja havijasogea hata hatua moja.

Sasa muda wa tiketi. Hauanzi ndege inapoacha ardhi. Unaanzia zinapoondolewa kabari kwenye magurudumu pale ilipoegeshwa, unaishia kabari zinaporudishwa. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kutembea hadi mwanzo wa barabara, foleni, kupanda kwa taratibu huku imelewa mafuta, na kule mwisho kuzungushwa mpaka upewe nafasi ya kutua. Kampuni nazo huongeza dakika chache za akiba, ili ikichelewa kidogo isemekane imewahi. Hapo ndipo masaa yako 17 yanapoota mkia.

Ndege inayofanya kazi hii ni Airbus A350-900ULR. Ile ya kawaida ilikuwa inabeba lita 141,000 za mafuta, hii inabeba 165,000. Viti ni 161 tu, hakuna daraja la kawaida, kwa sababu kila abiria unayempunguza ni mafuta unayoyapata. Na mafuta yenyewe yana uzito: sehemu kubwa ya mafuta ya masaa ya kwanza inaungua kwa kazi ya kubeba mafuta ya masaa ya mwisho. Kazi hii ingekuwa rahisi sana kama mafuta yasingekuwa na uzito. Ndege hizi zilianza Oktoba 2018 kwenda Newark, jirani wa New York, na safari ya kwanza ilitumia chini ya masaa 18.

Mwisho, mbinu ya haraka ya kuondoa majira. Majira yanakupa upande mmoja na kukunyang'anya upande wa pili, kwa hiyo jumlisha kwenda na kurudi, yanafutana. 6:40 na 31:50 ni 38:30. Gawa kwa mbili: masaa 19 na robo kila upande. Aliyekukatia tiketi hakukosea.

---

Mama_na_Mimi aliandika:

Jamani. Nimekaa na mpira wa mpwa wangu na uzi wa kushonea, nimeupata ule mstari wa kupita juu. Kaka kanyamaza kwanza, kisha kasema mpira una upepo mdogo.

Mpanga_Njia, ahsante sana mkuu. Masaa 19 na robo basi. Naandika kwenye daftari la mama.

---

Saa_ya_Ukutani aliandika:

Dada usiandike kwanza.

Mpanga_Njia nakuheshimu mkuu, ya upepo umenifungua macho. Ila mbinu yako ya kujumlisha inakubali tu kama tofauti ya majira ni ile ile kwenda na kurudi. Huyu dada anakwenda Julai, anarudi katikati ya Novemba. Singapore haigusi saa zake, iko UTC+8, yaani masaa 8 mbele ya saa ya pamoja ya dunia (UTC), tangu 1982. New York inagusa: inasogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, inarudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo Julai tofauti ni masaa 12, na siku anayorudi ni 13.

Kwenda: 6:40 jumlisha 12 = masaa 18 na dakika 40.
Kurudi: 31:50 toa 13 = masaa 18 na dakika 50.

Ile kumi na tisa na robo imezaliwa na saa moja ya Novemba iliyojificha kwenye hesabu, ukaigawa mara mbili ikawa nusu saa kila upande.

Kanuni ya kuongeza au kutoa, maana ndiyo iliyokuchanganya: usiifikirie. Badilisha saa zote mbili ziwe za mji mmoja, kisha toa. Unafika New York 06:15 asubuhi. Singapore wakati huo ni ngapi? Wako mbele masaa 12, kwa hiyo ni 18:15 jioni. Uliondoka 23:35 usiku uliopita. Hesabu kwa vidole.

---

Mpanga_Njia aliandika:

Nimekamatwa, na nimekamatwa kihalali. Miaka 19 na nimejikwaa kwenye kizingiti cha mlango wangu mwenyewe.

Nijitetee kidogo. Ofisini hatukuwa na majira ya mtaa kabisa. Kila kitu, karatasi, redio, saa ya ukutani, kilikuwa UTC, marubani wanaiita Zulu. Ukiandika safari yenu hivyo hakuna kitendawili: kwenda mnaondoka 15:35, mnafika 10:15 siku inayofuata. Kurudi mnaondoka 03:20, mnafika 22:10 siku hiyo hiyo. Ile +2 haipo tena. Nimestaafu, nimeanza kutumia saa za watu, matokeo ndiyo hayo.

Dada andika: 18:40 na 18:50, kabari hadi kabari. Kuketi umefunga mkanda kabla ya kabari kuondolewa, weka nusu saa zaidi.

Na jambo moja nililosahau, la dirishani. Mnaondoka usiku, lakini mnakwenda mashariki, mnakwenda kulipokea jua. Kama masaa manne baada ya kuruka, kulikofunguliwa kidirisha patakuwa pameanza kupambazuka. Kisha mtakuwa na mchana mzima, jua litatua mkiwa huko Kanada, mtapata kausiku kafupi, na jua litachomoza tena mkikaribia kutua. Kalenda itahesabu usiku mmoja. Mama atahesabu mapambazuko mawili. Usimruhusu apange dawa kwa kutazama nje.

---

Nesi_wa_Zamu aliandika:

Hapo hapo kwenye dawa. Kidonge cha kila masaa 12 kinahesabu masaa, hakijui nje ni usiku au mchana. Ila si kila dawa ni sawa, kwa hiyo kabla ya safari mpelekee daktari wake hizo saa mlizozipata hapa, aseme yeye. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, na pakiti yake yenye jina, si kwenye sanduku la chini.

Miguu: asiketi masaa 18 mfululizo. Kila saa moja au mbili, akiwa macho, asimame, atembee hadi choo cha nyuma hata kama hana haja nacho. Akiwa amekaa azungushe vifundo vya miguu, ainue visigino. Anywe maji. Soksi za kubana zipo lakini kwa umri wake muulizeni daktari kwanza. Mwombee kiti cha njiani, si dirishani, la sivyo ataona aibu kuwainua watu na hatasimama.

---

Mama_na_Mimi aliandika:

Nimerudi. Nilimpigia mama, nikamsomea yote, hata ya kabari. Nilipofika pale pa masaa kumi na mawili akanikatisha.

"Kumi na mawili kamili?"

Kamili, mama.

"Basi saa yangu siigusi."

Sikumwelewa mara moja. Mama ana saa ya mshale, ya mkanda wa ngozi, haina tarehe wala nini. Nikachora kwenye daftari. Tukifika New York saa zao ni 06:15. Saa yake itakuwa inaonyesha 18:15 ya Singapore, na kwenye uso wa mishale hizo ni kitu kimoja! Saa kumi na mbili na robo huku, saa kumi na mbili na robo kule, kilichogeuka ni jioni kuwa asubuhi. Mimi nimemaliza siku mbili na kalkuleta.

Kidonge nacho kinafuata hapo hapo. Cha saa mbili usiku anameza kabla hatujaenda uwanjani. Cha pili saa yake ikigonga mbili tena, tutakuwa hewani masaa nane na ushei, nje jua kali. Cha tatu saa mbili nyingine, tumeshatua saa moja na dakika 45, pengine bado tuko kwenye foleni ya uhamiaji, na maji nitabeba. Daktari tunamwona Alhamisi, nitampelekea karatasi hii.

Nikamwambia lakini mama, Novemba New York wanarudisha saa nyuma, itabidi uiguse siku hiyo. Akasema wao warudishe ya kwao, yake iko sawa, si atarudi Singapore?

Saa_ya_Ukutani, hapo yuko sahihi au namkubalia tu kwa kuwa ni mama?

---

Saa_ya_Ukutani aliandika:

Yuko sahihi. Akiiacha, kuanzia Jumapili hiyo mshale wake ukisema saa mbili, saa ya jikoni kwa dada yako itasema saa moja. Kidonge kinabaki masaa 12 kwa 12, hakuna kilichoharibika, na akitua Changi mwezi huo saa yake itakuwa inasema kweli.

Ila mwambie dada yako mapema, asije akamletea kidonge kingine saa mbili ikifika akidhani mama amesahau.